Joka Lililopandishwa Cheo

Jumapili, 2 Machi 2014

Mavuno kanisani leo. Nimerudi nyumbani na hazina moja, na mke asiyenisemesha.

Nianze na mnada. Kila mwaka ni vile vile. Watu huleta mazao, dalali huyanadi, pesa huingia mfuko wa kanisa. Mwaka huu ni mfuko wa van, ya kuwabeba wazee wanaojikokota kwa miguu kutoka stesheni ya Auburn, hapa Sydney. Dalali ni Aloys, Mrundi, sauti kama tarumbeta. Na desturi yetu ni hii: ukinunua kitu, hukichukui. Unasimama, unasema, "Narudisha, kiuzwe tena," watu wanapiga makofi, na boga lile lile linauzwa upya. Mtu mwenye heshima zake haendi nyumbani na boga.

Gitonga akanunua jogoo. Gitonga ni mhasibu huko Parramatta na ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha ustawi. Mimi ni makamu wake. Miaka sita makamu! Jogoo mwenyewe alikuwa wa dukani, amegandishwa, maana council, yaani halmashauri, hairuhusu jogoo kuwika Auburn. Gitonga akanunua, akarudisha. Akanunua tena, akarudisha. Mara ya tatu jogoo alikuwa ameanza kuyeyuka na kumdondokea Aloys viatuni. Makofi! Vigelegele! Na uchaguzi wa chama ni Jumapili ijayo. Yule bwana si mjinga.

Kikaja kibakuli cha Goreth. Goreth pia ni Mrundi, hutunza wazee majumbani mwao. Bibi mmoja aliyekuwa akimtunza alifariki, watoto wake wakarundika vitu vyake kando ya barabara vichukuliwe na lori la council, wakamwambia achague anachotaka. Akachagua kibakuli cha kijani. Akawa anawekea sabuni. Leo kamtolea Mungu, bila sabuni.

Nikakinunua kwa bei ya kumwonyesha Gitonga kwamba nami nipo. (Bei siiandiki hapa. Chepngetich hupekua.) Nikasimama niseme maneno yale. Kinywa kilikuwa wazi tayari! Ndipo nikakigeuza. Chini, maandishi ya Kichina yaliyochongwa. Ubavuni, joka linatoka mawinguni, mguu mmoja mbele. Nikafunga kinywa. Nikaketi.

Aloys akasubiri. Mchungaji akakohoa. Chepngetich, ambaye ni mke wangu na ni nesi, na anajua sehemu zote za mwili zinazouma, akanifinya paja. Nikakitia kibakuli ndani ya koti.


Jumatatu, 3 Machi

Kazini Smithfield. Ghala halikuwa na mizigo mingi, nikapata nafasi ya kusoma. Yaani kutazama video. Mimi si mtu wa kukurupuka.

Ni jade! Jiwe ambalo wafalme wa China walilipenda kuliko dhahabu. Wachina wenye pesa wananunua tena kila kitu kilichotoka kwao, na wanakuja mpaka Sydney kukitafuta. Kwenye video moja mwanamume mzima alilia baada ya kuuza kibakuli kidogo kuliko changu. Nikalia kidogo na mimi, kwa mazoezi. Owuor, mtunza vifaa, akaniuliza kama kuna msiba nyumbani.

Nimepiga picha kila upande, nikazituma kwa nyumba moja ya mnada kule mjini. Nikajitambulisha kuwa Bwana Wekesa, mkusanyaji wa sanaa za kifalme. Sikutaja sabuni, ingawa kibakuli kinanukia lavenda hadi sasa.


Jumanne, 4 Machi

Wamejibu! Bi. Leung, mtaalamu wao wa mambo ya China. Anasema picha zimemvutia mno, niende Ijumaa asubuhi, ameahirisha miadi nyingine kwa ajili yangu. Anaomba sana nisikisafishe wala nisikiguse kwa lolote. Naona anaogopa nisije nikakipendezesha kikapanda bei. Wajanja hawa.

Nyumbani si kuzuri. Kule kanisani eti nimepewa jina: Bwana Sabuni. Na Gitonga kaweka kwenye WhatsApp ya chama sura ya saba ya kitabu cha Yoshua. Ile ya Akani aliyeficha nyara hemani mwake, akapigwa mawe. Hakuongeza neno. Aliweka sura tu na picha ya machweo. Watu ishirini wakajibu Amina. Chepngetich ni mmoja wao.


Jumatano, 5 Machi

Nimegeuza upepo!

Ibada ya nyumbani ilikuwa kwa Aloys. Nilipoingia, mazungumzo yakakatika. Chepngetich akaketi mbali nami kama abiria asiyenijua. Basi wakati wa ushuhuda nikasimama. Nikasema kwamba sikuchukua kibakuli kwa tamaa, bali Roho alinifunulia. Kwamba ni kitu cha thamani. Kwamba nitakiuza mjini, na van ya kanisa nitainunua mimi. Nzima. Yenye kiyoyozi. Na kwamba mtu mwenye maono ya namna hiyo huenda anafaa kukaa kiti kikubwa zaidi ya umakamu, lakini hilo namwachia Mungu na wapiga kura.

Gitonga akanywa chai kama dawa.

Mama Niyonsaba akasimama kwa shida. Huyu ni mama mzee, alikaa kambini Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa huku, na magoti yake hayamtaki tena. Ndiye anayefika ibada ikiwa katikati, jasho tupu, kwa sababu anapumzika kwenye kila ukuta kutoka stesheni. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwana wangu," akasema, "gari yako ikikuja, mimi nitakaa mbele. Imana akubariki." Akalia. Wanawake wakalia. Hata Chepngetich akasogea akaketi karibu nami.

Nimejisikia vizuri sana. Kuna mahali pia nilijisikia vibaya, chini ya mbavu, lakini nadhani ni njaa.


Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Balaa!

Video ya leo wakati wa chakula cha mchana. Mzee wa Kiingereza mwenye miwani anaeleza kuhusu majoka. Joka la mfalme lina kucha tano. Kucha nne ni la wana wa mfalme na wakubwa wa chini yake. Nikatoa kibakuli kwenye sanduku la chakula. Nikahesabu. Nne. Nikahesabu kutoka upande wa pili. Nne! Miguu mingine mitatu imejificha mawinguni, haiwezi kunisaidia.

Kwa hiyo joka langu ni makamu.

Miaka sita nimebeba viti vya Gitonga. Nimesoma kumbukumbu za mikutano ya Gitonga. Gitonga akisafiri, naongoza mkutano, akirudi anauliza nani alihamisha meza. Na sasa hata mjusi wa mawe ananijia na cheo hicho hicho? Hapana. Huyu nitampandisha.

Nimeazima grainda ndogo kwa Owuor, nikamwambia ni ya bawaba za mlango. Nimenunua gundi ile ya mirija miwili unayochanganya. Rangi ya kucha ya kijani ipo, Chepngetich aliipata kwenye zawadi za Krismasi kazini na huwa haipaki. Nikajifungia bafuni. Jiwe gumu ajabu! Grainda ilipiga kelele kama nguruwe. Nikachimba kijishimo pembeni mwa mguu ili gundi ipate pa kushika, nikafinyanga ukucha, nikaupaka rangi.

Chepngetich akabisha mlango, akauliza mbona kunanuka saluni. Nikasema nasafisha vigae. Akasema Bwana asifiwe.

Ukucha wenyewe umetoka mnene kidogo. Ukiutazama kwa haraka ni kama kidole gumba. Lakini ni tano! Heshima imerudi.


Ijumaa, 7 Machi

Niandike polepole.

Asubuhi nilipiga simu kazini nikasema ni tumbo. Nikavaa suti ya harusi, nikapanda treni hadi mjini, kibakuli kimefungwa kwa kitenge. Nyumba ya mnada ina zulia linalomeza viatu. Bi. Leung ni mama wa makamo, mpole, nywele fupi. Akavaa glavu. Akanisifu kwanza kwa kuja. Akafungua kitenge kama anayefungua mtoto mchanga.

Akatazama. Akachukua kioo cha kukuzia, akatazama tena. Kisha akavuta droo na kutoa karatasi. Zile picha nilizomtumia Jumatatu, kubwa, za rangi! Nilikuwa nimezisahau kabisa. Akaziweka kando ya kibakuli. Akaweka kidole kwenye picha, akahesabu kimoyomoyo. Akaweka kidole kwenye joka.

Akauliza, kwa upole, kwa nini Jumatatu zilikuwa nne.

Nikasema ni mwanga.

Hakucheka. Bora angecheka. Alinieleza kwamba kibakuli ni cha kuoshea brashi za kuandikia, na ni cha kale kweli, kazi ya mafundi wa ikulu, kilichongwa kwa nyumba ya mwana wa mfalme. Kwamba sabuni haikukidhuru hata kidogo (alinusa, alijua). Kwamba kila wiki analetewa majoka ya kucha tano, na karibu yote yametengenezwa juzi, kwa sababu mtu anayeghushi hawezi kamwe kutosheka na nne. Kila mtu anataka kuwa mfalme. Zile nne ndizo zilizomfanya aahirishe miadi. Zile nne ndizo zilikuwa ushahidi.

Akaniuliza ni nani aliyefanya hivi. Nikasema ni shemeji yangu. Mungu anisamehe, shemeji yuko Kericho na hajawahi kushika grainda.

Nikauliza kama kingekuja kama kilivyokuwa, kingetosha kununua van ya abiria. Bi. Leung akavua glavu. Akauliza, "Van moja?"

Sasa haiwezekani kukipeleka mnadani, akasema. Kijishimo kimekula mguu na wingu lote la pembeni, hakuna fundi wa kulirudisha. Akanifungia tena kibakuli kwenye kitenge, vizuri kuliko nilivyofunga mimi. Akanisindikiza mpaka mlangoni.

Kwenye treni nilikaa upande usio na jua. Nikamkumbuka Mama Niyonsaba na mikono yake. Sikuwa na njaa, nilikuwa nimekula mkate stesheni. Kwa hiyo si njaa.


Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka na wazo. Kama nne ndizo sahihi, basi nilishushe joka cheo! Rahisi. Ukucha wa gundi utoke, nikipeleke tena kibakuli, kwa nyumba nyingine ya mnada, kwa jina la Njenga.

Nikachukua patasi na nyundo. Chepngetich alikuwa kwenye shift ya asubuhi. Nikakiweka kibakuli ndani ya sinki la jikoni, juu ya taulo, nikagonga kidogo. Gundi ile ni nzuri mno. Ningeifanyia matangazo. Nikagonga kidogo zaidi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa guu lililovunjika ni la joka. Ukucha wa gundi ulitoka, ukatoka na jirani yake wa kweli. Zimebaki tatu.

Nikafuta kila kitu. Nikaficha kibakuli nyuma ya unga. Lakini zile kucha mbili sikuziona zilikoenda, na aliyeziona ni Chepngetich, jioni, alipokuwa akiosha mchele. Zilikuwa kwenye kichujio cha sinki. Akaziweka kwenye kiganja. Moja ya jiwe. Moja inanuka saluni. Akaenda bafuni, akarudi na chupa ya rangi yake, imebaki nusu.

Mwanamke huyu ana sauti ya kusikika hadi Lidcombe, mtaa wa jirani. Hakuitumia. Akavuta kiti, akaketi, akaniambia nianze mwanzo. Nikaanza mwanzo. Nilipofika kwenye "van moja?" akafumba macho.

"Wekesa," akasema, "hiyo ilikuwa van ya Mama Niyonsaba. Umeipaka cutex yangu."

Nikakitoa kibakuli nyuma ya unga, nikakiweka mezani.

Akasema kesho nitakirudisha. Nitasimama na kusema maneno yale niliyopaswa kusema Jumapili iliyopita, hayo tu, bila Roho na bila maono. Yeye atakuwa ameketi kando yangu, na nikiongeza neno atanifinya hadharani.


Jumapili, 9 Machi

Nimesema. "Narudisha, kiuzwe tena." Nikaketi. Nilikuwa na maelezo mafupi juu ya soko la China, lakini mkono wa Chepngetich ulikuwa tayari juu ya paja langu.

Minong'ono. Mtu wa nyuma akauliza van iko wapi. Nikatazama viatu.

Gitonga akasimama. Nikajua, leo ndiyo siku ya mawe ya Akani. Badala yake akakinunua kibakuli. Kwa bei nzuri. Akasema, "Narudisha, kiuzwe tena." Akakinunua Owuor, ambaye hata si wa kanisa letu, alikuwa amekuja kudai grainda yake. Akarudisha. Wanawake wakachanga, wakanunua, wakarudisha. Aloys sauti ikamkauka. Kibakuli kikazunguka kanisa zima kama sahani ya sadaka, joka na vidole vyake vitatu, na kila kilipopita mfuko ukanona. Hakuna aliyeuliza habari za kucha. Kwao ni cha sabuni.

Mwisho Goreth akainua mkono na sarafu moja. Akasema samahani, yeye hatarudisha, maana tangu akitoe sabuni yake inateleza mpaka sakafuni. Kanisa likacheka hadi likalia. Akauziwa.

Mimi sikucheka. Niliona aibu, na ninaandika hapa kwamba niliona aibu, ya kweli, iliyopanda mpaka masikioni.

Mfuko umejaa lakini haujafika van. Kwa hiyo Gitonga, ambaye amechaguliwa tena bila kupingwa, akapanga magari ya kuwabeba wazee hadi van ipatikane. Mama Niyonsaba akapewa mimi. Kila Jumapili. Ametaka mwenyewe! Anasema mimi nilimwahidi gari, na gari ni hili. Leo nimemrudisha kwake na Corolla yangu, kaketi mbele kama alivyosema, mkoba magotini, akipungia mkono watu asiowajua. Ananiita mwanamume wa neno lake. Chepngetich nyuma akawa anatazama dirishani, mabega yanatikisika. Sijui alikuwa akilia au akicheka.

Umakamu amepewa Goreth. Mimi sasa ni mjumbe wa kawaida. Nimejifunza mengi wiki hii. Tamaa ni mbaya. Cheo si kitu. Nitaishi kwa utulivu.


Jumanne, 11 Machi

Mungu hamtupi mja wake!

Leo Smithfield, wakati wa chakula, nilikuwa natazama video ya kawaida tu, ya mapishi, na kando yake ikajitokeza ya yule mzee wa miwani. Kucha tano, mfalme wa China. Kucha nne, wana wa mfalme. Na kucha tatu? Kucha tatu ni Japani!

JAPANI. Nilisimama na sahani mkononi. Kumbe joka halijavunjika. Limehama nchi tu, kama sisi wote. Na Bi. Leung ni mtaalamu wa China, angejuaje? Nimeandikia nyumba nyingine ya mnada, yenye mtu wa mambo ya Japani. Nimetuma zile picha, safari hii nimekata sehemu ya mguu. Mtu hujifunza.

Tatizo ni moja, kibakuli kiko bafuni kwa Goreth na kimejaa sabuni. Lakini tazama maajabu: Goreth anaishi jengo moja na Mama Niyonsaba, ghorofa ya juu yake. Jumapili nitakapomfuata mama nitafika mapema, nitapanda kumsalimia makamu mpya, nitaomba kunawa mikono. Dakika moja. Nitakiacha kingine mahali pake, hatajua. Na van itapatikana, nzima, yenye kiyoyozi, na watu watajua ni nani aliyestahili kiti.

Nimenunua cha plastiki dukani Auburn, ukubwa ule ule. Kasoro yake ni kwamba ni cheupe.

Chepngetich ameificha ile chupa ya rangi, lakini najua ilipo. Ikipakwa kwa uangalifu, nusu inatosha.